Viatu vya Baba Abigail

Mkwe wangu Modestus alianza kuitwa msukule kabla misukule wenyewe hawajaja. Aliyempa jina ni mkewe, binti yangu Ndeshi, na hakumpa kwa ubaya. Alikuwa anatania, kisha anachoka, kisha anatania tena.

"Mama," aliniambia wiki ile ile niliyotua Texas kuja kumlea mjukuu wangu Abigail, "mimi sikuolewa na mtu. Huyu anaamka jua likizama, anakwenda kubeba maboksi, anarudi asubuhi, anakula, analala. Ukimwambia kitu anajibu sawa. Mwambie nyumba inaungua, atakujibu sawa."

Modestus alikuwa amesimama palepale, anakunywa uji.

"Sawa," akasema.

Kwetu Rombo msukule tunamjua. Mtu anakufa, mnalia, mnamzika, mnakula nyama ya matanga, kumbe mliyemzika ni mgomba. Mwenyewe yuko kwa mchawi, amekatwa ulimi, analimishwa gizani na kulishwa pumba. Hana uchungu wala furaha, na akikutana na mama yake njiani anampita kama anavyopita jiwe. Jirani yetu mmoja alikuwa nao wengi mpaka akawa anawakodisha wakati wa kuchuma kahawa. Mmoja alipotea njia akaenda kuhesabiwa kwenye sensa, na karani akamwandika vizuri tu, mkulima.

Nilimtazama Modestus kwa jicho hilo, nikaona hapana, huyu ni mtu. Grand Prairie, huo mji tunaokaa, umejaa wanaume wa namna yake. Alikuja Marekani kusoma, masomo yakamshinda katikati, akaingia kwenye ghala moja kubwa kuendesha foklifti, kile kigari cha kuinulia mizigo. Halafu mama yake akafariki. Kwenda kuzika hakuweza, maana karatasi zake za kukaa nchini zilikuwa bado kwenye foleni, na akitoka asingerudi. Mazishi aliyaangalia kwenye simu, amekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya ghala, muda wa mapumziko. Jeneza likashuka, mapumziko yakaisha, akaingia ndani kumalizia shifti.

Ndeshi anasema hakulia. Tangu hapo ndipo lilipoanza hilo neno lake la sawa.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamgusa, nacho ni zulia. Kwa Modestus huingii na viatu. Hata uwe nani. Padre alipokuja kubariki nyumba alivua, tukaona soksi zake zina picha za bata. Panya wa jengo lile, nakwambia, walikuwa wanapita kwanza kwa jirani wa chini kujifuta miguu ndipo waje kwetu. Fundi wa zile apatimenti, Mmarekani mmoja mnene aitwaye Sheldon, siku ya kwanza alipokuja kutengeneza hita alimkuta Modestus amesimama mlangoni na kaptula ya kulalia, amenyoosha kidole chini, kwenye buti. Sheldon alicheka mpaka akashika ukuta. Akavua. Kidole gumba kilikuwa kimetoka nje ya soksi kama kifaranga. Krismasi ile Modestus akamnunulia soksi mpya, na toka hapo Sheldon alikuwa anavua buti kabla hata hajabisha hodi.

Modestus mwenyewe alikuwa na utaratibu wake. Anainama. Anafungua kamba, cha kushoto kwanza, kisha cha kulia. Anavipanga ukutani, visigino vimegusa ukuta, pua zinatazama nje. Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo, katika nyumba ambayo sakafu yake ilikuwa ni udongo uliopakwa samadi. Viatu, alisema yule mama, vinabeba uchafu wa kila njia uliyopita, sasa wewe unataka kulala na njia zote hizo?

Basi wafu wakaanza kuamka.

Ilianzaje sielezi, maana waliosoma walieleza kwenye televisheni mpaka sauti zikawakauka na hakuna aliyeelewa. Ilianzia Houston. Ndugu yetu aliyeko Stafford, pembeni ya Houston, alipiga simu akasema, "Mama, huku barabara imejaa watu na hakuna anayemsalimia mwenzake." Nikajua hapo pameharibika. Watoto wa jengo letu waliwaita zombi. Mimi niliwaita misukule, na sikuona haja ya kubadilisha jina kwa sababu tu wamevaa jinzi.

Tuliambiwa baridi inawakausha. Kwenye joto wanatembea, kwenye baridi wanakwenda kama wazee, na penye barafu wanasimama kabisa kama nguzo. Wenye magari mazuri wakakimbilia kaskazini, Kanada, Alaska, huko kusikokuwa hata na barabara, wakaishi na dubu. Gari la Ndeshi lilikuwa bovu. Modestus alikuwa na lake, lakini akalipanda kwenda kazini, maana ghala halikufunga. Watu wanaokimbia nao wananunua vitu.

"Leo usiende," Ndeshi alimwambia.

"Sawa," akasema, akachukua chakula chake, akafunga kamba za viatu kule nje, akaenda.

Na siku hiyohiyo kaskazini ikatufuata yenyewe. Mvua ilinyesha ikiwa maji, ikatua ikiwa kioo. Kufika asubuhi madaraja ya juu yote yalikuwa yanang'aa na magari yamelala ubavu juu yake. Umeme ukakatika. Simu zikakata roho moja baada ya nyingine. Sisi ambao siku zote tulisema tuko katikati, huku Dallas, huku Fort Worth, tukawa mbali kuliko hao wa Alaska, maana wao angalau walikwenda kwa hiari.

Mimi theluji nimezaliwa chini yake. Ila ile ya Kilimanjaro inakaa juu na sisi tunakaa chini, tunaheshimiana. Hii ya Texas iliingia ndani bila hodi. Ikapanda kwenye bomba, bomba likapasuka, maji yakamwagika jikoni yakaganda palepale, nikawa naenda kuchukua unga kwa kuteleza kama ndege anayetua. Maneno yenyewe yalikuwa yanaganda. Ukisema kitu jikoni, kinasikika sebuleni baada ya mtu kuwasha mshumaa.

Tulihamia chumba kimoja. Mimi, Ndeshi, Abigail ambaye alikuwa hajaanza kutembea, na jirani yetu wa mlango wa pili, Pontien, Mrundi. Kazi yake ilikuwa kwenye hoteli kule Irving, na mkewe Sabine alikuwa amekwama Houston kwa dada yake. Hakuwa na habari zake. Alikuja na mchele, rozari, na gongo la kuchezea besiboli. Kwanza alivua viatu, kisha akauliza kama anaweza kuingia.

Yeye ndiye aliyeweka sheria. Mlango haufunguliwi mpaka aliyeko nje apige hodi na kutaja jina lake. Wafu hawasemi. Midomo inafunguka, sauti haitoki. Mimi nikamuunga mkono, maana ndivyo ilivyo kwetu pia, msukule hana ulimi.

"Hata akiwa nani," Pontien alisema.

"Hata akiwa nani," Ndeshi akaitikia, anamfunga mtoto nguo ya tatu.

Hakuna aliyebisha, kwa sababu tulishaona. Mlango wa mwisho wa korido yetu, mama mmoja alimfungulia mumewe aliyerudi kimya. Wafu wanarudi nyumbani, hilo ndilo baya lao. Miguu inakumbuka njia hata kichwa kikiwa kimesahau. Alifungua kwa furaha, tulimsikia. Zaidi ya hapo sisemi. Mlango wake ulibaki wazi, na theluji ikaingia mpaka kitandani.

Ungedhani tulikuwa tunatetemeka kwa hofu. Wala. Hofu nayo ina maji ndani yake, iliganda na vitu vingine. Asubuhi tulikuwa tunachota theluji kwenye sufuria, tunaiyeyusha kwenye jiko la mkaa pale kibarazani, tunapika uji, na wafu wako chini kwenye maegesho wamesimama na barafu mabegani, wanatutazama. Tunakunywa uji. Tunarudi ndani. Nilitaka kuliingiza jiko ndani, Ndeshi akakataa, akasema moshi wa mkaa utatuua sote tukiwa tunaota moto. Nikasema angalau tutakufa na joto. Hakucheka. Siku nyingine angecheka.

Ndeshi alikuwa anamkatia mumewe chakula chake kila mlo, anakifunika, na kikiganda anakirudisha kwenye sufuria.

Siku moja, saa za mchana, tukasikia kitu kinagonga mlango. Si kwa mkono. Taratibu, kizito, kinapumzika, kinagonga tena. Ndeshi akaruka. Akaweka jicho kwenye kile kitundu cha mlangoni, akakaa hapo kitambo.

"Nani?" Pontien akanong'ona, gongo mkononi.

"Sheldon."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Anagonga kwa kipaji cha uso." Akatazama tena, halafu akanigeukia mimi, na uso wake hauna kitu. "Mama, hajavua viatu."

Hatukufungua. Sheldon aligonga mpaka jua likaondoka kwenye korido, baridi ikamkamata, akasimama kimya kando ya mlango wetu. Hapo akabaki. Mnasema sikumheshimu? Nilimheshimu. Ila nguo za mtoto zilikuwa hazina pa kukaukia, na yule baba alikuwa na mabega mapana. Saa za baridi kali, nguzo ikiwa imekaza, nilikuwa nafungua ufa wa mlango, Pontien na gongo nyuma yangu, natoa mkono taratibu namtundikia nepi upande mmoja na kitenge changu upande mwingine. Kitenge kilikauka kama ubao. Pontien aliniambia, "Bibi, weye utafika mbinguni watakurudisha." Nikamwambia wakinirudisha nitapitia kwako kwanza.

Basi tukakaa. Mkaa ukawa wa kuhesabu kwa macho. Abigail akaacha kulia, akawa anatazama tu, na hilo ndilo lililonisumbua kidogo, maana mtoto anayeacha kulia amekwisha kuelewa.

Siku Modestus aliporudi, anga ilikuwa ya rangi ya majivu ya jana. Ilikuwa baada ya chakula. Jua lilitoka kidogo, lile jua la uongo, koridoni halikufika, ila kule chini wafu wawili watatu walianza kusogeza miguu. Tukasikia hatua kwenye ngazi. Hatua nzito, moja, kimya, nyingine.

Pontien akainuka. Ndeshi akaenda kwenye kitundu.

Hatua zikaja mpaka mlangoni zikasimama. Hakuna hodi.

"Nani?" Pontien akauliza kwa sauti kubwa.

Kimya.

"Taja jina!"

Ndeshi alikuwa amebandika viganja viwili mlangoni. Mgongo wake ulikuwa hausogei. "Ni Baba Abigail," akasema.

"Amesema?"

"Hajasema. Ninamwona."

"Ana nini usoni?"

"Barafu. Ndevu zote barafu, na ile skafu yake imeshikana na mdomo. Macho yako wazi." Akavuta pumzi. "Yamekaa tu. Hayapepesi."

Pontien akaja akasimama kati yake na kitasa. Hakufanya kwa ukali. "Mama Abigail, sikiliza. Mangi, huyu mumeo, alikuwa rafiki yangu. Lakini wote wanarudi kwao. Yule jirani alirudi. Sheldon alirudi mahali alipopewa soksi. Miye Sabine wangu akija hapa kimya, sifungui. Nimekwisha apa."

"Baba Abigail!" Ndeshi akaita kupitia mlango. "Sema hodi! Sema hata jina la mtoto!"

Kimya.

"Gonga basi! Gonga mara tatu!"

Ukaja mlio mmoja, mzito, wa kitu kigumu kugonga ubao. Inawezekana ulikuwa mkono. Inawezekana ulikuwa kichwa. Sheldon alikuwa amegonga hivyohivyo.

Ndeshi akanitazama. Nilikuwa nimemshika Abigail ndani ya blanketi, na nilijua anachoniuliza. Akifungua na aliyeko nje ni mfu, mtoto amekwisha, na sisi pia. Asipofungua na aliyeko nje ni mumewe, atamsikiliza akifa upande wa pili wa ubao. Moyoni palikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

"Mama, sema kitu."

"Mwanangu," nikasema, "miaka yote umemwita msukule. Wewe ndiye unayemjua. Mtazame."

Akarudisha jicho kwenye kitundu. Tukangoja. Chini kwenye maegesho kuna kitu kilianguka kwenye barafu, kikaanza kujikokota kuelekea kwenye ngazi. Pontien alikisikia, akakaza mikono kwenye gongo.

"Anafanya nini?" nikauliza.

"Amesimama tu. Yeye na Sheldon, bega kwa bega. Ukiwatazama huwezi…" Kisha akasema, pole pole, kama anayemsomea mtu habari ya mbali, "Anainama."

"Ameanguka," Pontien akasema.

"Hajaanguka. Anainama. Ameshika ukuta. Anahangaika na kamba za kiatu. Vidole havimfuati. Anavuta kwa viganja. Cha kushoto." Sasa sauti yake ilikuwa ya binti yangu. "Pontien, kimetoka. Amekisogeza ukutani kwa mguu."

"Ni miguu tu inakumbuka, Mama Abigail! Ni mazoea!"

"Sheldon alikuwa na mazoea hayohayo, na alikuja na buti zake! Sasa cha kulia. Kimegoma. Anakikanyagia kisigino." Akacheka. Ilikuwa sauti mbaya, kama mlango mkavu. "Anavigeuza. Anavigeuza pua zitazame nje! Wewe, mfu gani aliyefundishwa adabu hivyo? Toka hapo!"

Akamsukuma Pontien, mwanaume mzima mwenye gongo, kama anasukuma pazia, akafungua.

Modestus alikuwa amesimama pale na soksi zake juu ya barafu, mikono imening'inia, kando ya Sheldon mwenye kitenge changu. Hakuingia. Alikuwa anangoja akaribishwe. Ndeshi alimshika kifuani kwenye jaketi akamvuta ndani, Pontien akapiga komeo, na yule aliyekuwa anajikokota akafika juu ya ngazi muda mrefu baadaye, akaganda kwenye kidato cha mwisho.

Tulimkalisha sakafuni. Alikuwa mgumu kama kuni. Skafu tukaiyeyusha kwa maji ya uvuguvugu ili isiondoke na mdomo. Ndeshi aliichukua mikono ya mumewe akaibana kwapani mwake mwenyewe, Pontien akamshika masikio kwa viganja kama anayemwombea, na ikabaki miguu. Hapakuwa na mtu mwingine. Huko kwetu mama mkwe na mkwe hata macho hawagusani. Tangu nifike Texas nilikuwa sijampa hata mkono. Nikamvua soksi. Vidole vilikuwa vyeupe kama mishumaa ya kanisani. Nikafungua kanga, nikaiweka miguu ile tumboni kwangu, pale alipokaa Ndeshi kabla hajazaliwa, nikafunika. Ilikuwa kama kupakata mawe mawili ya mtoni. Yeye akatazama ukuta, mimi nikatazama dirisha. Tukakaa hivyo, heshima ikiwa mahali pake.

Muda ukapita. Midomo ikaanza kusogea. Sote tukainama kumsikiliza.

"Hodi," akasema.

Alikuwa ameianza kule nje, ndiyo kwanza inafika.

Ndeshi alifumba macho. "Karibu," akamjibu. "Karibu ndani, Baba Abigail. Umechelewa."

"Sawa."

Halafu miguu yake ikaanza kupata damu, na Modestus, mtu ambaye hakumlilia mama yake, akapiga ukelele ambao nadhani waliusikia Fort Worth. Theluji ilidondoka kwenye paa. Abigail akashtuka akaanza kulia naye, na Ndeshi akalia, na Pontien akaenda kusimama bafuni peke yake, maana alikuwa na Sabine wake wa kufikiria. Modestus aliita, "Mama, mama, mama." Si mimi aliyekuwa ananiita. Nilibana ile miguu tumboni nisije nikamwachia.

Safari yake ametusimulia mara moja tu, kwa maneno machache, mengine nimeyaongeza mimi kwa kuwa yeye ni mchoyo. Ghala lilikosa umeme, milango ikafunguliwa, wakaambiwa kila mtu ajitegemee. Gari halikuwaka. Akatembea. Barabarani walikuwa wamejaa wao, wengine wamesimama, wengine wanaburura miguu kila jua likichungulia. Wenzake waliokuwa wanakimbia na kupiga kelele hawakufika mbali. Yeye hakukimbia. Alitembea katikati yao mwendo wao, hatazami mtu, hasemi, hawazi kitu, kama anavyotembea kila siku kutoka kwenye gari kwenda kwenye foklifti. Wafu wananusa hofu, na yeye alikuwa hana. Mmoja alitembea naye ubavuni mwendo mrefu mpaka wakawa kama watu wanaofahamiana. Ilipofika njia panda, kila mmoja akashika yake.

"Hukuogopa?" Ndeshi alimuuliza.

"Sikuwa na kitu chochote ndani," akasema. "Nilikuwa naona tu mlango."

Joto liliporudi, wale walioganda barafu ilikuwa imekwisha kuwapasua ndani, wakalegea, wakaanguka wote kama nguo zilizotoka kambani, na hawakuinuka tena. Malori yakapita kuwazoa. Sheldon walimchukua na kitenge changu, nikawaambia muacheni nacho. Simu zilipopata umeme, ya Pontien ikaita. Alikwenda nayo nje, akakaa kwenye ngazi, na mpaka leo sijamuuliza alichoambiwa. Amebaki mlango wa pili, anakula kwetu, na viatu vyake anavivua.

Modestus, vidole vya miguu walimkata hospitali, mguu wa kushoto kimebaki kidole gumba, wa kulia hakuna hata kimoja. Sasa anatia vitambaa kwenye pua ya kiatu ili kisimcheze. Ndeshi alimwambia, wewe peke yako humu ndani nimekuruhusu, ingia navyo. Hakujibu sawa. Alisema, "Hapana."

Kwa hiyo akitoka kazini tunasikia hatua zake kwenye korido, ile nzito na ile inayochechemea. Anapiga hodi. Ndeshi anafungua, na yeye bado hajaingia, anakaa kwenye kigoda tulichomwekea pale aliposimama Sheldon, anainama, anahangaika na kamba. Inachukua muda. Kiangazi joto lote la Texas linaingia ndani, mashine ya ubaridi inalia kwa uchungu, na bili, Mungu anajua. Mlango uko wazi. Hakuna anayemharakisha.